Madini ya tezi ya shingo: yale ambayo Brussels ilijifunza Idjwi

BRUSSELS – Ukishuka kituo cha metro cha Porte de Namur na kuingia Matongé, ule mtaa wa Waafrika katika manispaa ya Ixelles, utakuta karibu kila kitu ambacho mtu wa Bukavu, Goma au Bujumbura alikiacha mezani kwao. Sombe ipo, unga wa muhogo upo, samaki wakavu wapo, mawese hayakosekani. Mtaa wenyewe umechukua jina la Matonge ya Kinshasa, na mteja anayeuliza bei kwa Kiswahili hamshangazi mtu.

Kuna bidhaa nyingine ambayo haikutoka Kivu, lakini inaingia kwa wingi katika mikoba ya Waafrika wa Ulaya. Nayo ni vidonge vya madini. Vingine hununuliwa duka la dawa, vingine kwenye intaneti, na vingine hufungwa kwenye sanduku la safari kupelekewa shangazi au mama mdogo ambaye shingo yake imeanza kuvimba. Juu ya chupa huandikwa kwamba vinasaidia tezi ya thairoidi. Ndani yake mna iodini, seleniamu, zinki, chuma, au vyote kwa pamoja.

Wanunuzi wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya elimu iliyopo duniani juu ya iodini na seleniamu ilitokana na miili ya wanavijiji wa Congo, na ikaandikwa katika maabara za mji huu huu wa Brussels. Na jibu lililopatikana huko halikuwa "meza vyote". Jibu lilikuwa kwamba madini haya yana mpangilio. Kuna linalotangulia na kuna yanayofuata, na mtu akiugeuza mpangilio huo anaweza kumdhuru yule aliyetaka kumsaidia.

Kwanza tuelewane juu ya tezi yenyewe. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani: moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani, tumbo lifanye kazi haraka au polepole. Homoni hizo hutengenezwa kwa iodini, ambayo Watanzania wanaijua zaidi kwa jina la madini joto, lile linaloandikwa kwenye pakiti ya chumvi. Homoni ya kwanza, T4, ina chembe nne za iodini. Mwili huiondolea chembe moja ikawa T3, na hiyo ndiyo inayofanya kazi hasa.

Mahitaji ni madogo mno. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha mikrogramu 250. Ukikusanya mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70 hayajazi hata kijiko cha chai. Lakini yakikosekana, tezi hujitanua ili inase kila kilichopo, na hapo ndipo rovu linapotokea. Rovu si baya kuliko yote. Baya zaidi halionekani kwa macho: mtoto aliye tumboni hujenga ubongo wake kwa homoni za mama katika miezi ya mwanzo, na upungufu mkubwa wakati huo humwacha na ulemavu wa akili usiorudi nyuma.

Sasa twende Idjwi.

Idjwi ni kisiwa kikubwa katikati ya Ziwa Kivu, upande wa Congo. Ng'ambo yake, bara, katika milima ya Lwiro karibu na Bukavu, Wabelgiji walijenga kituo cha utafiti cha IRSAC zama za ukoloni. Kituo hicho kilibaki baada ya uhuru wa 1960, na katika miaka hiyo ya 1960 madaktari wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, ULB, walivuka maji na kuanza kupima shingo za watu wa kisiwani. Miongoni mwao walikuwa François Delange, André Ermans na Claude Thilly.

Waliyoyakuta yaliwatatiza. Kaskazini mwa kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini magharibi, mwendo wa kilomita chache tu, ni kama watu 5 tu katika kila 100. Wangesema ni iodini, basi. Ila walipopima mkojo walikuta upungufu wa iodini ni ule ule pande zote mbili. Watu wale wale, ziwa lile lile, upungufu ule ule, shingo tofauti. Mwaka 1968 waliandika kwamba upungufu wa iodini unafungua mlango tu, na lazima kuna kitu kingine kinachoingia kupitia mlango huo.

Kitu hicho kilikuwa sahani ya chakula. Watu wa kaskazini walikula muhogo zaidi. Watafiti waliwapa watu vyakula mbalimbali, kisha wakapima kwa iodini yenye mionzi kidogo ni kiasi gani tezi inanasa. Muhogo ndio uliopunguza unasaji. (Msomaji wa leo atakuwa na haki ya kuuliza wanakisiwa wale walielezwa nini kabla ya kumezeshwa iodini ya mionzi. Ni swali la haki, na taratibu za ridhaa za leo si zile za wakati ule.)

Inavyofanya kazi ni hivi. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali inayotoa sianidi, sumu kali. Kuloweka, kuvundika, kuanika na kupika vizuri huondoa sehemu kubwa, na bibi zetu walilijua hilo kabla ya maabara yoyote. Kinachobaki, mwili hukigeuza kuwa thiosayaneti, ambayo haiui, lakini hugombania na iodini mlango wa kuingilia kwenye tezi. Iodini ikiwa ya kutosha, thiosayaneti hushindwa. Iodini ikiwa haba, thiosayaneti hushinda. Kwa hiyo asije mtu akasema muhogo ni adui! Tanga, Mtwara, Pemba na Kinshasa watu wanakula muhogo miaka nenda miaka rudi. Adui ni muhogo usiosindikwa vizuri, ukiliwa karibu peke yake, mahali pasipo na iodini. Moshi wa sigara nao huongeza thiosayaneti mwilini, na hilo ni kwa wavutaji walioko Brussels ambao hawajagusa muhogo tangu walipoondoka nyumbani.

Kutoka Kivu kazi hiyo ilihamia pia kaskazini magharibi mwa nchi, Ubangi, ambako hali ilikuwa mbaya zaidi. Huko kulikuwa na watoto wengi waliodumaa mwili na akili kwa sababu tezi zao zilikuwa zimekufa kabisa. Thilly na wenzake waliwachoma wajawazito sindano za mafuta yenye iodini, sindano moja ikitosha kwa miaka kadhaa, na watoto waliozaliwa wakawa na hali bora kuliko wenzao.

Likabaki fumbo moja. Katika nchi nyingine zenye upungufu mkubwa wa iodini, kwa mfano Papua New Guinea, watoto walioathirika walikuwa viziwi na wenye viungo vilivyokakamaa, lakini tezi zao mara nyingi zilikuwa hai. Kwa nini katika Congo tezi zenyewe zilikuwa zimenyauka?

Seleniamu ikaingia katika habari hapa. Tezi inapotengeneza homoni hutumia haidrojeni peroksidi, dawa ile ile inayotumika kusafisha vidonda na kugeuza rangi ya nywele. Ni kali. Tezi hujikinga nayo kwa kimeng'enya chenye seleniamu ndani yake. Mtu akikosa iodini, ubongo huamrisha tezi ifanye kazi kwa nguvu zaidi, na peroksidi huzidi. Akiwa amekosa na seleniamu vilevile, kinga haipo, tezi huungua polepole kutoka ndani na kubaki kovu. Mwaka 1987 Philippe Goyens, Jacques Dumont na wenzao walitoa hoja hiyo hadharani, na mwaka 1990 Jean Vanderpas, Bernard Contempré na wenzao wakaonyesha kwamba katika maeneo yaliyoathirika ya kaskazini mwa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, iodini na seleniamu vyote viwili vilikuwa haba.

Mtu yeyote angesema basi dawa imepatikana, wapeni seleniamu. Wakapewa. Watoto wa shule na wagonjwa ambao tezi zao zilikuwa hoi walipewa mikrogramu 50 kwa siku kwa miezi miwili, kiasi kidogo kuliko kilichomo katika vidonge vingi vinavyouzwa leo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalikuwa kinyume na matumaini. Homoni ya T4 ilishuka kwa watoto wa shule. Kwa wale wagonjwa hali ilikuwa mbaya zaidi, na ishara ya ubongo ya kuihimiza tezi, TSH, ikapanda. Wagonjwa walizidi kuwa wagonjwa.

Sababu yake, ndugu msomaji, inafaa kuwekwa kichwani. Kimeng'enya kinachoigeuza T4 kuwa T3 nacho hujengwa kwa seleniamu. Upungufu wa seleniamu ulikuwa umepunguza kasi ya kuitumia T4, na kwa njia hiyo uliwabakizia watu akiba kidogo ya homoni. Seleniamu ilipoingia, injini ikaanza kwenda kasi wakati tangi halina mafuta. Akiba ikaisha. Watafiti wenyewe walionya wazi kwamba mtu asipewe seleniamu mahali penye upungufu wa iodini kabla ya kupewa iodini.

Onyo hilo limepita miaka zaidi ya 30. Bado chupa za seleniamu tupu zinauzwa bila mtu kuuliza mnunuzi anapata iodini au hapati.

Kuna upande wa pili pia. Chumvi yenye iodini ilipoenea Congo katika miaka ya 1990, mwaka 1996 madaktari wa ULB pamoja na wenzao, akiwemo Mukalay wa Mukalay, waliripoti katika jarida la Lancet kutokea kwa ugonjwa wa tezi kufanya kazi kupita kiasi huko huko Kivu: moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka, kukonda. Wanaoathirika hivyo hasa ni watu wa makamo wenye marovu ya siku nyingi yenye vinundu. Tezi iliyozoea njaa ya miaka 40 ikapata karamu ya ghafla. Chumvi haikuwa kosa, kwani imewaokoa watoto wengi kuliko watu iliowasumbua. Lakini shangazi mwenye rovu la zamani, akipelekewa kutoka Ulaya chupa ya iodini kali, yumo katika kundi hilo hilo.

Na chupa kali zipo. Tone moja la maji ya Lugol ya asilimia 5, ambayo watu huyasifu mno kwenye intaneti, lina iodini miligramu 6 hivi, yaani zaidi ya mara 40 ya mahitaji ya siku. Vidonge vya mwani wa bahari ya baridi navyo havitabiriki. Kimoja kinaweza kuwa na iodini nyingi mno na cha pili kidogo. Kwa Ulaya kiwango cha juu kwa mtu mzima kimewekwa mikrogramu 600 kwa siku.

Mwenzi mwingine wa iodini ni chuma, na pengine kwa wanawake wetu ndiye muhimu zaidi, ingawa hasifiwi sana na wauza vidonge. Kimeng'enya kinachoibandika iodini kwenye homoni hakifanyi kazi bila chuma. Michael Zimmermann na wenzake wa Zurich walilionyesha hilo kwa watoto wa Ivory Coast, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Watoto wenye rovu walipewa mafuta yenye iodini. Baada ya wiki 30, waliokuwa na damu ya kutosha walibaki na rovu watoto 12 tu katika kila 100. Wenye upungufu wa damu walibaki nalo 64 katika kila 100, ingawa iodini ilikuwa ile ile. Walipoongezewa chuma, nao wakaanza kupona. Mama anayepungukiwa damu kila mwezi, au aliyezaa watoto watatu mfululizo, anaweza kula chumvi nzuri kabisa na tezi yake isifaidike ipasavyo. Vitamini A nayo ina mchango. Juu ya zinki, ushahidi ni mwembamba kuliko matangazo yake.

Kwa wasomaji wetu wa pwani kuna imani moja inayohitaji kuguswa: kwamba anayekula samaki wa bahari hana haja ya chumvi ya madini joto. Zanzibar iliamini hivyo muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na Vincent Assey na wenzake ulikuta rovu kwa karibu theluthi ya watoto wa shule waliopimwa Pemba, na karibu mtoto mmoja katika watano Unguja. Samaki walikuwepo, chumvi yenye iodini ndiyo iliyokuwa haba, hasa Pemba. Mwani unaolimwa huko, kama tujuavyo, haupikwi. Husafirishwa kwenda viwandani ng'ambo. Kwa Tanzania kwa jumla habari ni njema: rovu kwa watoto wa shule lilishuka kutoka asilimia 25 miaka ya 1980 hadi karibu asilimia 7 mwaka 2004, kwanza kwa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika, kisha kwa chumvi.

Na Ubelgiji yenyewe? Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Nchi iliyotuma madaktari kupima shingo za Idjwi ilikuwa na upungufu wake nyumbani, ingawa si mkali. Mwaka 1998 uchunguzi wa watoto wa shule ulikuta kipimo cha kati cha iodini katika mkojo ni mikrogramu 80 kwa lita, wakati kinachotakiwa ni 100 au zaidi. Delange, ambaye baadaye aliongoza baraza la kimataifa la kupambana na upungufu wa iodini, alipiga kelele juu ya hilo hadi mwisho. Alifariki mwaka 2007. Mwaka 2009 serikali ilikubaliana na waokaji watumie chumvi yenye iodini katika mkate. Katika vipimo vya 2010 na 2011 watoto walikuwa wamefika 113. Wajawazito walikuwa 124 tu, na kwao kinachotakiwa ni 150, ingawa wengi wao walikuwa tayari wanameza vidonge vya ujauzito.

Hebu fikiri sasa juu ya mama wa Kiafrika wa Brussels. Ubelgiji imeiweka iodini katika mkate, na nyingine huja kwa maziwa na samaki wa bahari. Yeye nyumbani kwake anasonga ugali, anapika wali, sombe na maharage, samaki wake ni tilapia wa maji baridi ambaye hana iodini nyingi, na maziwa yanamsumbua tumbo. Chumvi ameichagua ya mawe, ya rangi ya waridi, kwa sababu ameambiwa ni ya asili. Chumvi hiyo haina iodini ya maana. Hakuna sheria inayowalazimisha wauzaji wa hapa kuweka iodini katika chumvi ya mezani, kwa hiyo lazima kusoma pakiti: kwa Kifaransa huandikwa "sel iodé", kwa Kiholanzi "gejodeerd zout". Bei ni karibu sawa. Haina maana ya kuongeza chumvi, kwani presha inatosha kutusumbua. Ni kubadilisha tu ile unayotumia. Ihifadhiwe kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na unyevu na mvuke wa sufuria, maana iodini hupotea.

Anayetarajia kushika mimba amwulize daktari mapema juu ya kidonge cha ujauzito chenye iodini. Mikrogramu 150 ndicho kiasi kinachopendekezwa zaidi, na si vidonge vyote vya ujauzito vinayo. Aombe pia kupimwa chuma. Seleniamu, kwa anayekula samaki, mayai na nyama, mara nyingi haihitaji chupa. Ulaya inakadiria mikrogramu 70 kwa siku zinatosha, na kuzidisha kupita 255 kunaweza kung'oa hizo nywele ambazo mtu alitaka kuziokoa.

Ambaye tayari ameambiwa tezi yake imepungua nguvu asijitibu kwa iodini. Ulaya sababu kubwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, na iodini nyingi huweza kuuchochea ugonjwa huo. Dawa yake ni homoni yenyewe, levothairoksini, asubuhi kabla ya kula, na vidonge vya chuma au kalsiamu visimezwe mpaka zipite saa nne. Anayemeza bayotini kwa ajili ya nywele na kucha amwambie daktari kabla ya kutolewa damu, kwa sababu huweza kuharibu kipimo kikaonyesha ugonjwa usiokuwepo.

Mtoto akizaliwa hapa Ubelgiji huchomwa kisigino siku chache za mwanzo, na tone hilo la damu hupimwa tezi pamoja na magonjwa mengine. Hospitali ikipiga simu kuwaita tena, msisubiri Jumatatu wala ushauri wa jamaa wa mbali. Mara nyingi kipimo cha pili hutoka salama. Kisipotoka salama, mtoto huanzishiwa homoni siku hiyo hiyo, na akianza katika wiki mbili za kwanza kwa kawaida hukua na akili zake timamu kama watoto wengine.